Video zangu zinatazamwa na maelfu, mbona mfukoni hamna kitu?

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Nina kibanda chenye vyerehani viwili na ovaloki moja. Miaka michache iliyopita wateja walipopungua nilianza kurekodi video za kufundisha kukata na kushona: sketi ya solo, gauni la rinda, blauzi ya kola, namna ya kuweka zipu isionekane. Nilianza kwa kujifurahisha, ila watu wakazidi kuongezeka. Sasa chaneli yangu ya YouTube ina zaidi ya watu 20,000 waliojiunga, na video ya kukata mkono wa gauni ili kwapa lisivute imetazamwa zaidi ya mara 300,000.

Mama, ukisikia namba hizo utadhani nimeshajenga. YouTube hunilipa kila baada ya miezi kadhaa, dola 100 na chenji. TikTok ndiko ninakotazamwa zaidi, na huko sijawahi kupata hata senti. Na kila wiki naweka video moja. Kitambaa cha kukatia kinanigharimu kama 15,000, bando la kupakia 5,000, na siku nzima inapotea ambayo ningeshona gauni la mteja nikalaza 30,000. Wenzangu wa kikoba wananiita tajiri wa mtandaoni na hawanielewi nikichelewesha hisa.

Kinachoniuma zaidi ni watu. Kila siku wapo inbox: "Dada nitumie na mimi patani." Juzi mmoja nilimwambia alipie 2,000 tu, akanijibu, "Si umeshaweka bure YouTube, sasa unatuuzia nini?" Wengine wanachukua video zangu, wanakata jina langu pale chini, wanazipakia kwenye kurasa zao na kutangaza madarasa yao. Ninajiona mjinga anayefanya kazi ili wengine wale.

Dada yangu anasema nifute video zote nianze upya, kila video iuzwe 500, asiyelipa asione. Kampuni moja ya "kusimamia vipaji" imenitumia mkataba: wao wasimamie chaneli, mapato yote yapitie kwenye akaunti yao, wachukue asilimia 40 kwa miaka mitatu, na wameahidi watanikuza. Na yuko kijana wa jirani, amemaliza kidato cha nne, ndiye anayerekodi na kuhariri, anaweka na nyimbo za bongo fleva chini kwa chini ili video ichangamke. Nimekuwa nikimpa chakula na vocha. Sasa anataka nusu ya mapato. Mume wangu anasema huyo ni mtoto, asinipande kichwani.

Halafu kuna mama mmoja yuko Muscat, ananiandikia kwa Kiswahili safi kabisa, anasema amejifunza mengi kwangu na anauliza anitumieje pesa. Nimeona aibu, sijamjibu.

Nifanyeje, mama?

Fundi wa Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Wewe si mjinga. Umefundisha watu wengi kukata kwapa kuliko vyuo vingi vya ushonaji, na kutaka ulipwe kwa kazi hiyo ni haki yako. Ila nadhani hasira yako imeelekea kwa mtu asiyehusika, na mradi iko hapo utachukua hatua za kukuumiza mwenyewe, hiyo ya kufuta video ikiwa ya kwanza.

Mfikirie yule aliyekujibu vibaya. Kabla hajafungua video yako alikwisha kulipa. Alinunua bando, labda la saa 24, akalitumia kukuangalia wewe ukipima bega na kuchora mkono, na video ya dakika 20 inalila bando kwelikweli. Kwa hesabu yake video yako haijawahi kuwa ya bure. Ameitolea pesa, na pesa hiyo imeishia kwa kampuni ya simu, wewe hukupata hata shilingi. Unapomwambia "lipia" anasikia kwamba analipishwa mara mbili. Simtetei kwa lugha yake, ila ninataka uone kwamba watu wetu wanalipa pesa ndogondogo mtandaoni kila siku. Tatizo ni kwamba hakuna njia nyepesi inayofikisha pesa hiyo kwako.

Pesa ya pili ni ya matangazo, na hii unaipata, ila ujue inavyopimwa. Tangazo linalotokea kwenye video yako ndefu, YouTube inakuachia asilimia 55 na yenyewe inabaki na 45. Kwa video fupi zile za Shorts, tangu Februari 2023, mapato yanawekwa kwenye mfuko, na sehemu inayoangukia watengenezaji wanapewa asilimia 45 yake. Asilimia hizo si mbaya. Udogo unatoka kwingine: nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada, na wenye matangazo hutoa bei kubwa kwa mtazamaji wa Marekani au Uingereza kuliko kwa mtazamaji wa Morogoro, Tabora au Kisumu, kwa sababu wanategemea huyo wa kule atanunua zaidi. Ubora wa mafunzo yako hauingii kwenye mnada huo hata kidogo. Mwanafunzi aliyefungua kibanda chake kwa sababu yako na mtu aliyepitisha macho tu wanahesabika sawa. Ndiyo maana nakuomba uache kuitazama pesa ya matangazo kama mshahara wa kazi yako. Ni pesa ya kupokea, ya kushukuru na ya kuhakikisha haivuji, basi.

Na kuvuja inavuja, nina hakika. Tuanze na hizo bongo fleva za kijana. YouTube ina mfumo unaotambua nyimbo wenyewe, na mwenye wimbo anaweza kuamua kwamba matangazo ya video yako yamlipe yeye. Ingia kwenye YouTube Studio, pale unaposimamia chaneli yako, angalia safu ya vizuizi mbele ya kila video. Ukikuta dai la hakimiliki kwenye ile video ya kwapa, ujue sehemu ya pesa, au yote, imekuwa ikienda kwa mwenye wimbo. Wala usimlaumu mwenye wimbo, ni kazi yake iliyotumika. Huhitaji kufuta video: ndani ya Studio unaweza kuondoa wimbo uliodaiwa au kuubadilisha na muziki wa bure uliomo humo humo kwenye maktaba yao. Kuanzia sasa kijana achukue muziki huko tu.

Halafu fomu ya kodi ya Marekani. Tangu 2021 Google inamtaka kila anayelipwa na YouTube ajaze, hata akiwa Morogoro. Ukiiacha wazi wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, ya kutoka nchi zote. Ukijaza, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, wanakata asilimia 30, lakini ya zile tu zilizotokana na watazamaji walioko Marekani, ambao kwako wewe ni wachache. Ni kazi ya nusu saa ukiwa na kitambulisho chako cha NIDA na namba yako ya TIN mkononi.

Hiyo dola 100 unayoipata "kila baada ya miezi" ndicho kiwango cha chini cha kulipwa, kwa hiyo pesa hulala hadi ifike hapo. Ukiziba mivujo miwili niliyotaja, huenda ikafika mapema zaidi. TikTok nako usijilaumu: mpango wao wa kulipa video kwa kutazamwa uko kwa nchi chache, kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Japani, na Tanzania haimo. Kwetu kilichopo ni zawadi za laivu, na humo jukwaa linabaki na takriban nusu. Itumie TikTok kuwaonesha watu kipande kifupi na kuwapeleka unakolipwa.

Sasa tuje kwa dada yako na 500 zake. Nia yake nzuri, ila mahesabu yanamkatalia. Gharama ya video moja kwa maelezo yako ni 50,000. Ongeza 20,000 ya kijana, ambayo hukuiandika na tutaifikia, inakuwa 70,000. Ukiuza kwa 500 unahitaji watu 140 kila wiki, kila mmoja afungue menyu ya simu, aandike namba, aandike namba ya siri, akutumie ujumbe wa uthibitisho, nawe umtumie video. Siku nzima utashinda kwenye simu badala ya cherehani. Tena ada za kutuma pesa kwa simu zinakwenda kwa viwango, na kiasi kikiwa kidogo ada inakula sehemu kubwa zaidi yake.

Huu ugumu wa pesa ndogondogo haukuanzia kwetu. Mwaka 2013 mwanamuziki wa Marekani, Jack Conte, alichoshwa na jambo hili hili lako: alitumia pesa na nguvu nyingi kutengeneza video, ikatazamwa sana, matangazo yakamrudishia kiduchu. Yeye na mwenzake Sam Yam wakaanzisha Patreon, mahali ambapo mashabiki humchangia mtengenezaji moja kwa moja kila mwezi. Ilipendwa, na hasa na watu waliotoa dola moja moja kwa wasanii wengi. Desemba 2017 Patreon ikatangaza kwamba kila mchango utaongezewa ada ya asilimia 2.9 na senti 35. Maana yake aliyetoa dola 1 angekatwa dola 1.38. Mtoaji wa dola 100 asingehisi kitu, lakini mtoaji wa dola moja, aliyesambaza kwa watu kumi, alipigwa mara kumi. Watu wakajitoa kwa wingi, na ndani ya wiki moja kampuni ikaomba radhi na kufuta mpango. Kilichowaponza ni ada isiyobadilika juu ya kiasi kidogo. Hilo ndilo litakalokukuta kwenye 500 ya kila video.

Kwa hiyo usigawe malipo kwa video, yakusanye. Badala ya mtu kuamua kila wiki kama atoe 500, aamue mara moja kwa mwezi. Mama zangu wa kushona wanajua darasa la WhatsApp ni nini, huhitaji kuwaelimisha. Fungua darasa la mwezi mmoja kwa 10,000. Kwa video nne gharama yako ni 280,000, nayo inarudi ukipata wanafunzi 28. Una waliojiunga zaidi ya 20,000. Hao 28 ni pungufu ya wawili katika kila watu elfu moja. Wa ishirini na tisa ndiye wa kwanza kukuletea faida. Siamini hata kidogo kwamba huwapati.

Ila sikiliza unachowauzia. Video ukiiweka ndani ya kundi itasambazwa usiku huo huo, usijisumbue kupambana na hilo. Uza kile kisichosambazika. Mwanafunzi akate gauni lake, apige picha mgongo na kwapa, akutumie, nawe umwambie: hapa umepima bega pana kwa nusu inchi, ndiyo maana mkono unavuta. Hakuna anayeweza kuchukua sahihisho la gauni la Mwajuma na kulifanya la Asha. Patani nazo zitoe kwa vipimo vya mwanafunzi mwenyewe. Wanafunzi wa darasa moja wasizidi unaoweza kuwajibu kwa siku, hata wakiomba vipi. Mtu aliyelipa akakaa siku tatu bila jibu atakuharibia jina kuliko yule wa inbox.

Na yule wa inbox sasa una la kumjibu bila ugomvi: "Karibu, video zote ziko bure, endelea kujifunza. Patani ya vipimo vyako na kusahihishwa ni darasani, 10,000 kwa mwezi." Asipotaka, mwache atazame. Kila anapotazama anaongeza mapato ya matangazo, na ipo siku ataleta shangazi yake.

Chukua Lipa Namba kwa jina la biashara yako, usiendelee na namba yako ya kawaida ambayo mume na watoto wanaitumia. Muulize wakala vizuri ada inakatwa kwa nani, mlipaji au mpokeaji, kabla hujapanga bei. Pesa ya darasa ikae peke yake, uione.

Mama wa Muscat mjibu leo. Aibu ya nini? Ukienda kwenye taarabu ukumbi ukichangamka, mtu ananyanyuka na noti yake, anakwenda mbele kumtunza mwimbaji, watu wanamwona, mwimbaji anamwinamia, na wimbo haukatiki. Hakuna anayemwita mwimbaji ombaomba. Ametunzwa kwa sababu ameimba. Hata YouTube walipoanzisha Super Chat mwaka 2017 walifanya jambo la namna hiyo, jina la mtoaji likaonekana mbele za watu wakati wa laivu, asilimia 70 ikaenda kwa mwenye chaneli. Ila njia ile inategemea zaidi kadi ya benki, na wanafunzi wako wengi hawana. Njia ya simu wanayo. Kwa hiyo kwenye maelezo ya kila video weka mstari mmoja: Lipa Namba yako, na jina litakalotokea ili mtu asiogope kutapeliwa. Mwanzo wa video inayofuata wataje kwa jina waliokutunza, wenye kupenda kutajwa. Utaona jinsi watu wanavyopenda kuonekana wametoa.

Huyo wa Muscat anaweza kukutumia kwa kampuni za kutuma pesa zinazofikisha moja kwa moja kwenye simu. Tena nakuongezea la kibiashara: Waswahili wa Oman wanapenda mishono ya kwetu, wanataka madera na magauni ya harusi, na huenda hawapati fundi wa kuwaelekeza kwa lugha yao. Muulize kama wako wenzake. Darasa la watu wa nje liwe na saa zake na bei yake, usiwatoze sawa na mwanafunzi wa Kilosa. Saa za Muscat ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, haikusumbui.

Wanaopakia tena video zako wakiwa wamekata jina: umepiga kazi yako mwenyewe, hakimiliki ni yako, na huhitaji kumlipa mtu ili uidai. YouTube ina fomu ya kuomba video iondolewe, na TikTok na Facebook nazo zinazo. Unajaza maelezo yako, unaweka kiungo cha yako na cha yake, basi. Fanya hivyo kwa wanaouza madarasa kwa mgongo wako. Mwanafunzi aliyeshea kwa mapenzi yake, jina lako likiwa limeonekana, mwache. Na jina lako usiliweke chini pembeni tu. Liandike kwenye futikamba, kwenye kitambaa cha mezani, kwenye karatasi ya patani yenyewe. Akitaka kulikata atakata na somo.

Ule mkataba usiutie sahihi. Sikutajii asilimia 40 kwanza, ingawa ni nyingi. Kinachonitisha ni maneno "mapato yapitie kwenye akaunti yao". Novemba 2018 kampuni ya Marekani iitwayo Defy Media, iliyokuwa ikisimamia chaneli kubwa za YouTube, ilifunga milango ghafla. Mapato ya matangazo ya watengenezaji yalikuwa yakipitia kwake, nao wakabaki wakidai fedha ambazo YouTube ilikwisha kuzilipa. Hao walikuwa na wanasheria na mamilioni ya watazamaji. Wewe wa Morogoro ukikwama na kampuni isiyo na ofisi unayoijua, utamshika nani? Pesa ya YouTube iingie kwenye akaunti yako, kisha wewe ndiye umlipe msimamizi.

Kama kweli wanaweza kukukuza, wajibu hivi: watakuletea matangazo ya kampuni za vitambaa, nyuzi au vyerehani, na katika kila tangazo walilolileta wao wachukue asilimia 15 au 20. Kile ulichokuwa nacho kabla yao wasikiguse. Mkataba uwe wa miezi sita, na kila upande uweze kuuvunja kwa taarifa ya mwezi mmoja. Wakikataa hilo, umejua walichokuwa wanakitaka. Ukipata tangazo la kampuni ya hapa nchini, kumbuka tangu Julai 2024 sheria inamtaka mlipaji azuie asilimia 5 ya kodi kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni. Mdai cheti cha kodi iliyozuiwa, usikubali kukatwa bila karatasi, maana TRA watakapokuuliza ndicho kitakachokutetea.

Nimemwacha kijana mwisho kwa sababu hapa ndipo nina la kukwambia kwa ukali kidogo, mwanangu. Barua yako yote inalia kwamba watu wanatumia kazi yako bila kukulipa. Halafu yuko mtu kwenye kibanda chako anayerekodi na kuhariri kila wiki, na malipo yake ni ugali na vocha. Kwenye hesabu ya gharama zako hukumwandika kabisa. Kitambaa kipo, bando lipo, siku yako ipo, yeye hayupo. Ile video ya kwapa watu hawakuielewa kwa maneno yako peke yake. Kuna mtu aliyeisogeza kamera pale penseli ilipozunguka kona ya kwapa, akairudia polepole. Umri wake hauhusiki.

Nusu siungi mkono. Nusu ya kila kinachoingia, kabla ya kutoa kitambaa na siku yako, itakufanya wewe ulipe ili ufanye kazi. Ufundi ni wako, jina ni lako, na hasara ikitokea ni yako. Mimi ningeanzia hapa: 20,000 kwa kila video iliyokamilika, inalipwa hata kama mwezi huo YouTube haijalipa, kisha asilimia 20 ya faida ya darasa na ya matangazo baada ya gharama zote kutolewa. Video alizokwisha zihariri ziendelee kumpa sehemu yake kwa mwaka mmoja hata akiondoka, kwa kuwa na wewe zitaendelea kukulipa. Kama mnaona namba nyingine inafaa, zungumzeni, ila kila mmoja aione hesabu yote, pamoja na ile ya YouTube ndani ya Studio. Mfungulie ruhusa ya mhariri kwenye chaneli, Studio inaruhusu hivyo, usimpe nywila yako.

Mume wako mwoneshe ile 70,000, imechanganuliwa moja moja, aone 20,000 ya kijana inakaa wapi. Kijana akitoka kesho, fundi wa video wa mjini atakutoza zaidi ya hapo kwa siku moja.

Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, mtie sahihi mbele ya mama yake, kila mmoja abaki na nakala. Na malipo yake ya kwanza yatoke Jumamosi hii, kabla hujatangaza hilo darasa.